Kabla ya Vitufe, Itazameni Mota

Hotuba kwa ma-DJ chipukizi na wapenzi wa santuri, Nairobi

Wazee wetu mliotangulia katika kazi hii, ma-DJ wenzangu, na nyinyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja hapa: habari za mchana. Asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo karibu kila kijana anayeingia katika u-DJ wa santuri huniuliza. Ninunue deki ya kizamani, yaani mashine ya kuzungushia santuri, ile Technics ya Japani inayosifiwa na kila mtu, au nichukue moja ya hizi mpya zenye padi (vile vitufe vya kugonga), skrini, USB na uwezo wa kurudi nyuma? Nitalijibu sasa hivi, ili hata mwenye haraka asiondoke mikono mitupu. Deki ni mota, beringi na mkono wa sindano. Hivyo vitatu vikiwa vizima, una deki, iwe ya mwaka 1979 au ya mwaka jana. Vikiwa vibovu, hakuna kitufe kitakachokuokoa. Na katika yale ya ziada, yapo yaliyo mali ya mota na yapo yaliyo mali ya kompyuta. Ya mota huzeeka pamoja na deki, polepole. Ya kompyuta huzeeka pamoja na programu, na hakuna programu niijuayo iliyodumu miaka 40 mezani pa DJ.

Sasa tuanze na mota, maana ndiyo iliyotuleta hapa.

Deki nyingi za majumbani zilizungushwa, na bado zinazungushwa, kwa mkanda wa mpira. Mota inakaa pembeni, mkanda unaivuta sahani inayobeba santuri. Kwa msikilizaji aliyeketi kwenye kochi mkanda ni jambo zuri, kwa sababu unameza mtetemo wa mota usifike kwenye sindano. Kwa DJ ni balaa. Ukiishika santuri, mkanda unateleza. Ukiiachia, sahani inajikokota kabla haijapata mwendo wake. Na ukilirudia hilo usiku kucha, mkanda unalegea na mwendo hauaminiki tena. Shuichi Obata, mhandisi wa kampuni ya Matsushita huko Japani, alikuja na jibu la kuuondoa mkanda kabisa na kuiweka mota chini ya sahani, mhimili wa mota uwe ndio mhimili wa sahani. Deki ya kwanza ya namna hiyo, SP-10, ilitoka mwaka 1970 kwa jina la Technics. Oktoba 1972 ikafuata SL-1200, na mwaka 1979 ikaja SL-1200MK2, ambayo ndiyo sura inayotujia wengi wetu tukisikia neno Technics.

Ile ya 1972 ilitengenezwa kwa ajili ya sebule. Waliogundua kwamba mota ya aina hii ina siri nyingine ni vijana wa Bronx, New York. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji walikuwa wakisubiri kipande kimoja tu cha wimbo, pale waimbaji wanaponyamaza na kubaki ngoma. Akachukua nakala mbili za santuri ileile, deki mbili, akawa anakirefusha kile kipande kwa kuhama huku na huku. Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados, akaja kuisafisha kazi hiyo: akatia alama santuri kwa penseli ya rangi ili aone biti inapoanzia, akathubutu kuiwekea kidole katikati ya wimbo, jambo ambalo kila mzazi mwenye gramafoni alimkataza mwanawe. Grand Wizzard Theodore ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuusikia ule mkwaruzo wa santuri ikisukumwa mbele na nyuma chini ya sindano na kuufanya muziki, ndiyo tunayoita kuskrachi.

Nawakumbusha historia hii kwa sababu moja. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kitufe cha ziada. Walichohitaji ni sahani inayoendelea kuzunguka chini wakati santuri imeshikwa juu, na mota inayoirudisha santuri kwenye mwendo papo hapo ikiachiwa. MK2 ilipofika, ilileta hayo kwa kipimo ambacho hakikuwa kimezoeleka: sahani inapata mwendo wa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ndani ya sekunde 0.7 tu, mashine nzima ina uzito wa kilo 12.5, na mwendo unalindwa na kwatzi, ileile inayotunza muda ndani ya saa ya mkononi. Kikaongezwa kitelezi kirefu upande wa kulia cha kupunguza au kuongeza mwendo kwa asilimia 8.

Hiyo kwatzi naomba tuipe heshima yake, hasa sisi tunaopiga muziki kwenye harusi za nje ya mji. Kuna deki za bei rahisi ambazo mota yake hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Stima ya hapa ni ya hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Ikikatika mkahamia kwenye jenereta iliyochoka, hezi zinapanda na kushuka, na wimbo unapanda na kushuka nazo. Bwana harusi anasikia mwimbaji amelewa. Deki yenye kwatzi haijali. Mradi volti zinatosha, mwendo ni uleule. Kama unapiga kazi za nje, chunguza kwanza kama deki yako inalindwa na kwatzi, ndipo uulize habari za padi.

Na sasa niwaambie kwa nini jambo hili ni letu kabisa, wala si la watu wa New York peke yao.

Santuri nyingi tunazozipenda hapa ni zile ndogo za mizunguko 45. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi nyingi za Tanzania zilipata santuri zao kupitia mji huu. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri ndogo. Kwa hiyo waliukata: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yanapochangamka na watu wanapoinuka. Mnalijua hilo, kila mmoja wenu ana santuri yenye jina lilelile pande zote mbili. Mwenye deki mbili na nakala mbili anaweza kuuunga wimbo upya, aingize upande wa pili pale upande wa kwanza unapozimika, kama bendi ilivyoupiga ukumbini. Anaweza hata kuyarefusha yale magitaa, kama Herc alivyorefusha ngoma. Nani hapa hajatamani kufanya hivyo?

Lakini kuna mtego. Nyimbo hizo zilipigwa na watu, kwa mikono, bila mashine ya kuhesabu mapigo. Mpiga ngoma akichangamka upande wa pili, mwendo unapanda. Wimbo unaoanza kwa mapigo 118 kwa dakika unaweza kumalizikia 124, na hakuna aliyekosea; ndivyo muziki unavyopumua. Kompyuta ikijaribu kuuwekea wimbo huo mistari ya mapigo yenye nafasi sawa, mistari inaachana na ngoma baada ya sekunde kadhaa. Kile kitufe cha kulinganisha mapigo, ambacho kwenye muziki wa studio wa leo kinafanya kazi vizuri, kwenye rumba ya mwaka 1976 kinakupotosha. Kinachobaki ni sikio lako, ncha ya kidole kwenye ukingo wa sahani, na kidole kingine kwenye kitelezi. Ndiyo maana nasema bila kusita: mwenye kutaka kupiga muziki wa santuri wa Afrika Mashariki ajifunze kwenye deki isiyomsaidia kulinganisha. Ujuzi huo ukishaingia mkononi, mpe deki yoyote.

Haya, tuseme umeamua kutafuta ya kizamani. Technics waliacha kuzitengeneza mwaka 2010, baada ya zaidi ya milioni 3 kuuzwa duniani. Walirudi mwaka 2016, kwanza na toleo la kumbukumbu la mashine 1,200 tu, kwa bei ya watu wenye sebule kubwa, na mwaka 2019 wakatoa SL-1200MK7 iliyolengwa ma-DJ. Kwa hiyo anayesema "Technics" leo anaweza kuwa anasema juu ya mashine mbili tofauti: ya mtumba yenye umri wa miaka 20, 30 au 40, au mpya iliyo ndani ya boksi. Za mtumba ndizo nyingi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona vijana wakipoteza pesa.

Jambo la kwanza ni umeme. Deki nyingi za mtumba hutoka Japani, na umeme wa nyumba za Japani ni volti 100. Wa Marekani ni 120. Wa kwetu ni 240. Ukiichomeka deki ya volti 100 ukutani hapa, utasikia harufu kabla hujasikia muziki. Geuza mashine, soma kibandiko cha chini. Baadhi ya matoleo yaliyouzwa nje ya Japani yana swichi ya kuchagua volti chini ya sahani; mengine hayana, na hapo utahitaji transfoma ya kushusha umeme, au fundi abadilishe transfoma ya ndani. Muuzaji akikwambia "iko sawa tu, chomeka", mwambie achomeke yeye.

Jambo la pili ni mkono. Uweke mizani hadi uelee wenyewe, usipande wala kushuka. Kisha upulize taratibu kwa pembeni. Mkono mzima huenda kwa ulaini na kutulia. Mkono mgonjwa hukwama mahali. Halafu shika kichwa cha sindano kwa vidole viwili na uusikilizie mkono, kwa upole kabisa, kama unacheza kwenye maungio yake. Ukicheza, beringi zimelegea: labda deki ilisafirishwa bila kufungwa mkono, labda iliangushwa. Sindano itakuwa inaruka na utailaumu santuri. Kasoro hii ndiyo inayonifanya nirudishe deki mezani kwa muuzaji bila mazungumzo, maana kuurekebisha mkono vizuri ni kazi ngumu na ya gharama.

Mota ni nadra kufa. Iwashe, tazama nukta za ukingoni mwa sahani chini ya ile taa nyekundu. Kitelezi kikiwa katikati, safu ya nukta kubwa isimame kimya. Kisha sogeza kitelezi polepole toka juu hadi chini. Nukta zikiruka badala ya kutembea, kitelezi kimejaa vumbi au kimelika. Vumbi linasafishika; wenzetu wa Mombasa na Lamu, wenye chumvi ya hewa pia, wasafishe mara kwa mara. Kilicholika kinabadilishwa, na spea zipo, kwa sababu mashine zilizouzwa ni nyingi mno na watu wengine wamejitokeza kuzitengenezea sehemu zake. Taa ndogo ya sindano imeungua? Waya za sauti zimekatika, upande mmoja hausikiki? Spika zinanguruma kwa sababu waya wa ethi umeng'oka? Hayo yote ni ya fundi mwenye risasi ya kuchomelea na mkono uliotulia. Kwenye MK2 waya za sauti zimechomelewa ndani, kwa hiyo kuzibadilisha kunataka kuifungua mashine, lakini ni kazi inayofundishika. Nimeziona deki zilizopigwa vumbi la kumbi za bia tangu kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na baada ya kusafishwa zikapiga muziki usiku uleule. Hilo ndilo linalonipa mapenzi na mashine hii. Hubomoka kwa namna ambayo binadamu anaweza kuielewa.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkisema nimewakataza kununua mpya. Kuna mambo ambayo deki za sasa zimeyafanya vizuri kuliko MK2, na ni haki kuyasema.

La kwanza ni nguvu ya kuzungusha. MK2 ina kilo-sentimita 1.5. Pioneer PLX-1000, iliyotoka mwaka 2014, ina 4.5, mara tatu. Reloop nao wana deki ambazo nguvu hiyo unairekebisha mwenyewe. Anayeskrachi kwa kasi anaihisi tofauti: anaachia, na santuri imeshafika kwenye mwendo. Lakini aliyezoea kusukuma biti kwa kidole chepesi ukingoni mwa sahani ataona mota yenye nguvu inamshinda, haikubali kubembelezwa. Mimi kwa mchanganyiko mrefu wa rumba napendelea mota laini. Kwa mwanafunzi wangu anayeshindana kuskrachi nitamwambia achukue yenye nguvu.

La pili ni waya za kuchomoa. Waya wa sauti na wa umeme unachomoka nyuma kama wa televisheni. Ukikatika usiku wa kazi, unabadilisha na kuendelea. Hili peke yake lingenifanya niipende deki mpya, na MK7 yenyewe imelikubali. Ikaongeza taa za LED badala ya balbu, uwezo wa kurudi nyuma, na mwendo wa asilimia 8 au 16. Imepungua uzito pia, iko kilo 9.6 hivi, na hapo naweka swali dogo. Uzito ndio unaozuia mtetemo wa besi usipande kwenye sindano. Kwenye jukwaa la mbao, mbele ya spika kubwa, kilo 3 ninazikumbuka. Weka bamba zito la zege na mpira chini yake, utalala salama.

La tatu ni ile swichi ya nyuma inayoandikwa fono na laini. Mawimbi ya sindano ni madogo mno. Yanahitaji kukuzwa kabla ya kuingia kwenye miksa ya kawaida, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Miksa nyingi rahisi zinazouzwa hapa hazina tundu la fono. Deki nyingi mpya zina kikuzaji ndani, kwa hiyo unachomeka popote. Ila angalia: ukiweka deki kwenye laini kisha ukachomeka kwenye tundu la fono la miksa, sauti itakuzwa mara mbili na kupasuka, na utadhani spika zimekufa.

Sasa kuna yale yanayong'aa dukani ambayo mimi huyapima kwa makini zaidi. Chukua kitelezi cha asilimia 50. Kijana anakitazama na kusema, hiki kinashinda cha asilimia 8. Tupige hesabu pamoja. Tuseme kitelezi kina urefu wa milimita 100. Kwenye asilimia 8 juu na 8 chini, kila milimita inabadilisha mwendo kwa asilimia 0.16, kwenye wimbo wa mapigo 120, hiyo ni kama moja ya tano ya pigo. Kwenye asilimia 50, kila milimita ni asilimia nzima, zaidi ya pigo moja. Kidole chako hakina utulivu huo, wala changu. Halafu kumbuka kwamba santuri ikienda haraka, sauti nayo inapanda. Asilimia 6 tu ni nusu toni. Kwa asilimia 16 mwimbaji wa makamo anaanza kuwa mtoto. Anayepiga singeli au anayetafuta kasi kubwa anaweza kuutaka mvutano huo wa sauti kwa makusudi, na kwake ni kifaa halali. Lakini hata deki ya zamani ina mlango huo: weka santuri ya 33 kwenye 45 na umeongeza asilimia 35 bila kununua chochote. Kwa mchanganyiko wa kawaida, 8 inatosha kwa sehemu kubwa ya usiku.

Mkono ulionyooka nao unasifiwa. Unashikilia mfereji vizuri wakati wa kuskrachi, sindano hairuki ovyo. Gharama yake ni kwamba sindano hukaa kwa pembe isiyofuata vizuri namna mfereji ulivyochongwa, kwa hiyo sauti inachafuka zaidi na santuri inachakaa haraka. Kwa santuri za kuskrachi zinazonunuliwa mpya kila mwaka, sawa. Kwa santuri pekee ya bendi iliyovunjika kabla hujazaliwa, santuri ambayo hutapata nakala ya pili, nakusihi usiiweke chini ya mkono wa namna hiyo.

Tumefika kwenye kompyuta, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba deki ya zamani imefungiwa nje. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kumekuwa na mifumo inayotumia santuri maalumu isiyo na muziki. Kampuni ya programu ya Serato iliingia nayo mwaka 2004 ikishirikiana na kampuni ya Rane. Santuri hiyo imechongwa mlio unaoiambia kompyuta sindano iko wapi, inaenda kasi gani na upande gani. Kompyuta inapiga faili la wimbo kwa kufuata mkono wako. Kwa kazi hiyo, MK2 ya mwaka 1979 iliyo na mkono mzima na sindano nzuri haipungukiwi na chochote. Unapata faili zako zote, unapata hata uwezo wa kuongeza kasi bila sauti ya mwimbaji kupanda, na deki haikuguswa. Programu ikibadilika mwakani, unabadilisha programu.

Linganisha na deki ambayo padi zake zimejengwa kwenye bodi. Reloop RP-8000 MK2 ina padi 8 za kuita vipande vya wimbo, na namna ya kuipigisha sahani noti kwa kubadilisha mwendo wake. Ni mashine iliyofikiriwa vizuri. Mota yake ni ya maana na mkono wake ni mkono kweli, kwa hiyo hata padi zikinyamaza siku moja utabaki na deki. Hiyo naikubali. PLX-CRSS12 ya Pioneer DJ inakwenda mbali zaidi: unaweza kuendesha kompyuta bila kushusha sindano kabisa, na bado ukitaka santuri halisi, mkono upo. Hiyo nayo naielewa, hasa kwa jukwaa lenye besi nzito ambako sindano hazitulii. Rane Twelve ya mwaka 2018 haina mkono. Inazunguka, ina santuri juu yake, inaskrachi vizuri, lakini haiwezi kusoma santuri hata moja. Siku kompyuta yako inapokataa kuitambua, umebaki na meza nzito inayozunguka. Kama hupigi santuri halisi, hilo si kosa. Kama unazo nyumbani za mzee wako, fikiri mara mbili.

Uliza pia kuhusu kesho ya spea. Vestax ya Japani ilitengeneza baadhi ya deki zilizopendwa sana na wanaoskrachi. Kampuni ikafilisika mwaka 2014, na leo mwenye Vestax iliyoungua bodi anatafuta nyingine iliyokufa ili achukue viungo. Hata upande wa kizamani haujasalimika: kampuni ya Shure iliacha kutengeneza sindano na katriji, kile kijumba kinachoshika sindano, mwaka 2018, na katriji yao ya M44-7 ilikuwa kama kiapo kwa wanaoskrachi. Tofauti ni kwamba sindano nyingine inaingia kwenye kichwa kilekile, kwa sababu tundu la mkono limebaki na kipimo kimoja miaka yote hiyo. Bodi ya padi haina kipimo cha kila mtu. Kila kampuni ina yake.

Basi nani achukue nini? Anayeanza na anataka kujifunza kuchanganya, achukue deki yenye mota ya moja kwa moja isiyo na mkanda, kwatzi, na mkono wenye mkunjo wa S. Kama anaye fundi karibu, ya mtumba iliyopimwa kama nilivyoeleza. Kama hana, mpya isiyo na mbwembwe, yenye udhamini na waya za kuchomoa. Anayeskrachi kwa ushindani achukue yenye nguvu kubwa ya kuzungusha. Anayefanya kazi kila wiki kwa kompyuta, na anajua kwa majina padi anazozihitaji katikati ya wimbo kwa sababu tayari anazitumia kwenye kidhibiti chake cha kompyuta, anunue deki yenye padi bila aibu yoyote. Asiyejua atazitumia kwa nini, asizilipie.

Na kuna wale walioniambia kabla ya kuingia hapa kwamba pesa zao zinatosha deki mbili mbovu au moja nzuri. Chukueni moja nzuri. Upande wa pili wa miksa chomekeni simu au kompyuta, mcheze wimbo wowote, na mjizoeze kuulinganisha wimbo wa santuri nao. Santuri ndiyo itakayofuata, kwa hiyo mtajifunza upande ulio mgumu. Hiyo njia inatosha miezi mingi. Pesa inayobaki nunueni sindano mpya, kwa sababu ya muuzaji hamjui imelima santuri ngapi. Kitambaa chepesi cha kuteleza kati ya sahani na santuri, mtupe ule mpira mzito unaolala juu ya sahani. Mzani mdogo wa kupimia uzito wa sindano. Na kile kiziba cha tundu kubwa la santuri za 45, ambacho kila mtu hukisahau hadi usiku wa kazi. Deki ya pili tafuteni taratibu, ya aina ileile kama ya kwanza, ili mikono yote miwili ikutane na uzito mmoja.

Karibuni kwa maswali. Aliyekuja na deki ya kupimwa ailete mbele, na atuoneshe kibandiko cha volti kabla hatujachomeka.